Siku Mizinga Yetu Ilipofutwa Majina

Amani iwe kwenu mliokaa humu ndani, na ninyi mliokosa viti mkasimama dirishani. Mchungaji, nakushukuru kwa nafasi hii. Uliniambia nieleze jinsi tulivyovushwa katika mavuno ya mwaka huu, nami nimekubali, ila naomba mnivumilie. Ushuhuda wangu haunukii ubani. Nimekuja kusema juu ya kinyaa, na hata sasa ninaposimama mbele yenu hakijaniisha chote kooni.

Wengi mnanifahamu kama yule binti wa mtaa wa Chemchem anayefungua kompyuta za watu na kuzifunga tena. Hiyo ni kazi ya kupata mkate. Kazi niliyoipenda hamkuiona. Wafugaji nyuki wa kule Igalula, ambako mama yangu ana mizinga yake, waliniomba niwatengenezee programu ya kuhifadhi habari za asali yao. Programu, ndugu zangu, ni maelekezo tu. Unaiandikia kompyuta namna ya kufikiri, sentensi baada ya sentensi, unayapanga maelekezo hayo katika mafaili, na yakikaa vizuri inakutumikia. Yangu niliiandika tangu mvua za kwanza hadi majani ya miyombo yalipogeuka mekundu. Niliipenda kama mtu anavyopenda shamba alilolima peke yake.

Kwa nini waliihitaji? Kwa sababu tumbaku imesogea. Mnaijua wenyewe, wengine ndiyo iliyowasomesha, siitukani. Lakini nyuki hajui mpaka wa shamba. Mzinga ulio ndani msituni unatoa asali ya msitu, na mzinga ulio jirani na mabani ya kukaushia tumbaku unaweza kutoa asali iliyobeba dawa zinazopulizwa kule. Ukizitazama zinafanana. Ukizionja ni tamu zote mbili. Kwa hiyo kikundi kilikubaliana: mzinga wa upande wa tumbaku unavunwa kwa ajili ya nta, asali yake inaandikwa ghalani, kisha inafukiwa. Na mnunuzi wao akaongeza la kwake, kwamba ndoo moja ikipenya katikati ya nyingine, anaacha zote.

Sasa ndoo ni ndoo. Zote ni nyeupe, zote zina mfuniko, kila moja ina namba yake tu. Programu yangu ndiyo iliyojua namba hii imetoka mzinga gani, na mzinga ule umetundikwa wapi.

Na mzinga ulijulikana kwa jina. Hapo ndipo penye kisa.

Katika kikundi kile mzinga haupewi jina na mwenyewe. Unapewa na mtani wake. Mnyamwezi akitundika mzinga, Msukuma anasimama chini ya mti anautukana, na tusi lile ndilo jina. Msukuma akitundika, Mnyamwezi analipiza. Mchungaji, niwie radhi, nitataja yale yanayotajika. Kuna mzinga unaitwa Mpagazi Kakimbia Mzigo. Kuna Michembe Mfukoni, vile viazi vikavu vya Wasukuma. Kuna Alilia Arusini, na mwenyewe yupo humu, simtaji, ila naona ameinamisha kichwa. Mizinga ya mama yangu inaitwa Sauti ya Chura, Wa Kwanza, Wa Pili, na kuendelea. Cheka tu, mama mwenyekiti wa kwaya. Wewe unaisikia kila Jumapili.

Majina hayo hayakosewi. Namba mtu anaisahau akifika mtoni. Tusi ulilopewa hadharani huwezi kulisahau, na jirani yako hatakubali ulisahau. Ndiyo maana niliyaandika yote jinsi yalivyo.

Basi, wakati wa mavuno akaja mshauri. Simtaji jina wala alikotoka. Aliitwa na viongozi aje atusaidie kumpokea mnunuzi, na alikuja na viatu ambavyo vumbi la Igalula lilivionea haya. Tuliketi kwenye ghala la kikundi, nikamfungulia kompyuta. Akasoma. Akasogeza uso nyuma kama mtu aliyefunua sufuria akakuta chakula kilicholala.

"Dada, hiki ni nini? Mpagazi Kakimbia Mzigo?"

"Ni mzinga, kaka."

"Na hiki? Sauti ya Chura?"

"Huo wa mama yangu."

"Na unaruhusu mama yako aandikwe hivi? Mgeni akisoma? Inatia kinyaa, dada."

Nikamweleza habari ya watani. Akasema, "Utani uacheni msibani. Hapa ni biashara."

Nikaitwa nje kusaidia kupima ndoo. Nilimwachia kompyuta aendelee kusoma. Ndani yake kulikuwa na msaidizi, ile programu inayoandika programu: unaiambia kwa maneno ya kawaida unachotaka, nayo inaingia kwenye mafaili yako inabadilisha. Mimi huitumia kwa tahadhari, kama mtu anavyotumia ng'ombe wa jirani. Nilipokuwa nje nikivuta kamba ya mizani, mshauri akamwandikia msaidizi amri moja. Niliisoma baadaye, nimeikariri: "Ondoa lugha chafu yote, weka maneno mazuri."

Nikarudi, akanigeuzia kioo akitabasamu. "Nimekusaidia."

Ndugu zangu, nawaambia, kila mzinga ulikuwa umeitwa Mzinga Bora. Wote. Mpagazi ni Bora, Michembe ni Bora, Chura ni Bora. Chini ya kila mmoja palikuwa na ua dogo la njano na maneno, "Hongera! Asali yako ni safi." Hata ile ya kando ya mabani. Hata ndoo tupu ambayo haijaonja asali ilipongezwa.

Mnajua kile kinyaa cha kula chakula kilichotiwa sukari nyingi ili usisikie kuwa kimechacha? Ndicho kilichonipata. Matusi ya watani hayakuwahi kunichafua hata siku moja. Lile ua la njano lilinichafua. Lilikuwa uongo uliooga, ukapaka mafuta, ukakaa mbele yangu unanichekea.

Wanachama simu zao zikaanza kulia, maana programu huwapelekea ujumbe. Wengine wakapiga makofi. Nani asiyependa kupongezwa? Mtani wa mama yangu, Msukuma mmoja mfupi mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, ndiye aliyekuja mlangoni na simu mkononi.

"We Mnyamwezi, nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa, mtani."

"Mbona nasifiwa? Mzinga wangu umekuwa Bora. Mimi nikisifiwa najua sanda imeshakatwa."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimeshaona lililo baya zaidi. Programu niliifundisha kwamba majina mawili yakifanana, huo ni mzinga mmoja. Kwa watani halikuwa tatizo, hakuna anayetukana mara mbili kwa tusi lile lile. Lakini sasa majina yote yalikuwa moja, na mashine ikatii. Ikaunganisha msitu na tumbaku, ikapata mzinga mmoja mkubwa usio na mahali, na ndoo zote za ghala lile zikawa watoto wake. Wenye ndoo wengi wana mizinga pande zote mbili, hivyo hapakuwa na mtu, wala mashine, wa kusema ipi ni ipi.

Nilifunga kompyuta. Nilitembea hadi stesheni, nikapanda gari la kwanza la kurudi mjini, nikaja kulala.

Hapo ndipo nilipoanguka, msifikiri nilianguka pengine. Kwa sababu dawa nilikuwa nayo, na nilijua ninayo. Yule msaidizi, kabla hajagusa faili lolote, huweka kituo: anachukua nakala ya mafaili yote yalivyo wakati ule, anaihifadhi pembeni. Akiharibu, unamwambia akurudishe kwenye kituo, na kila faili linakaa tena kama lilivyokuwa. Wapagazi waliopita njia hii yetu zamani na pembe za ndovu vichwani walijua jambo hilo. Hawakuondoka penye maji bila kuweka akilini njia ya kuyarudia. Nilikuwa na maji nyuma yangu. Sikutaka kuyarudia. Nilitaka kazi ile ife. Kila nilipofikiria kuifungua niliona lile ua, na mate yakanijaa mdomoni. Nikasema moyoni, nitaifuta yote, hata kituo chenyewe, nisione tena.

Mama alinipigia simu. "Mwanangu, shikamoo yako siisikii siku hizi."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ghala limejaa. Tumevuna ya mwisho, katibu ameiingiza kwenye hiyo mashine yako vile vile."

"Imeingia kama nini?"

"Bora."

"Mama, usinitajie hilo neno."

"Basi njoo ulitoe. Kutapika peke yako mjini kunamsaidia nani?"

Sikwenda siku ile. Nawaambia ukweli, hata nilipokwenda haikuwa kwa ajili ya mama wala kwa ajili ya kikundi. Nilikwenda kwa sababu viongozi waliniita kwenye kikao, na kutokwenda kungekuwa utovu wa adabu. Nilikwenda kukabidhi kompyuta na kuaga.

Kikao kilikuwa pale pale ghalani, ndoo zimepangwa hadi darini, joto la mchana limekaa juu ya bati. Harufu ya asali ilikuwa nzito mno hata nyuki wachache waliotufuata ndani walikuwa wakitambaa ukutani kama walevi. Katibu akaeleza: mnunuzi anakuja, hatuwezi kuzitenganisha, tufanye nini? Wazee wakakuna magoti. Ndipo mshauri akasimama. Alisema kwa upole kabisa, kama mtu anayemwonyesha mgeni mlango wa choo.

"Jamani, mbona mnajitia huzuni? Mnunuzi huyu mwambieni mwaka huu hamkupata. Hizi changanyeni, muuze kule mjini. Mkoani hapa nani anapima?"

Nani anapima.

Ndugu zangu, nilitazama zile ndoo nikawaona ninyi. Nilimwona mtoto anayepewa kijiko kwa ajili ya kikohozi. Nilimwona mzazi aliyejifungua juzi akikorogewa uji. Niliwaona mabibi wa mstari wa mbele hapa, ambao hununua asali ya Igalula kwa sababu tu wanajua imetoka Igalula. Mtu yule alionea kinyaa neno chura likiandikwa, na hakuona kinyaa kuwalisha watu dawa ya tumbaku. Nilitoka mlangoni nikatema mate chini, mkinihukumu nihukumuni.

Nikiwa pale mlangoni ndipo nilipoelewa kuwa kinyaa changu kilikuwa kimekaa mahali pasipo pake. Nilikuwa nimekielekeza kwenye kompyuta, na kompyuta ilifanya ilichoambiwa. Na wakati mimi nimelala Chemchem nikijisikia msafi kuliko wote, uchafu wenyewe ulikuwa njiani kuja sokoni.

Nikarudi ndani. Nikasema, "Naomba meza."

Mtani akaniletea ndoo iliyogeuzwa. "Meza ndiyo hii. Ukiiharibu na hii, tutakuita wewe Mzinga Bora."

Nilifungua, na lile ua likanikaribisha. Mkono wangu ulitaka kurudisha kituo pale pale, kwa hasira, kulifuta usoni pangu. Nikajizuia. Katibu alikuwa ameingiza ndoo za mwisho baada ya ule usafishaji wa mshauri. Nikirudi nyuma moja kwa moja, habari za ndoo hizo zinapotea, kana kwamba hazikuvunwa. Basi nikafanya jambo lililonichukiza kuliko yote: niliuhifadhi ule uchafu. Niliuwekea kituo chake, na pongezi zake na maua yake, mzima mzima. Halafu nikachagua kile kituo cha zamani, kilichowekwa dakika ile kabla ya amri ya mshauri. Msaidizi akauliza kama nina hakika, maana mafaili yote yatarudi yalivyokuwa. Nikamjibu ndiyo.

Kisha orodha ikafunguka, na mtani, aliyekuwa amesimama nyuma ya bega langu, akapaza sauti.

"Mpagazi Kakimbia Mzigo! Yupo! Kando ya mto, msituni!"

"Michembe Mfukoni?" akauliza Mnyamwezi mmoja kutoka nyuma.

"Upo, mshenzi wewe, msituni!"

"Alilia Arusini?"

"Upande wa tumbaku. Lia tena, ndugu yangu."

Wakawa wanaitana matusi ghala zima, na kwa kila tusi ndoo zikawa zinashushwa na kusogezwa, za msitu kulia, za tumbaku kushoto. Mshauri alikuwa ameketi kwenye benchi akifuta viatu. Sijawahi kusikia maneno matamu kama yale.

Zikabaki zile ndoo chache za mwisho katikati ya sakafu. Kituo hakikuzijua, kwa sababu zilivunwa baada yake. Kwenye ule uchafu niliouhifadhi namba zao zilikuwepo pamoja na majina ya wenye ndoo, basi tu; mahali zilikotoka hapakuwepo. Nikasoma jina la mama yangu. Ndoo zake zote za mwaka zilikuwa hapo, kwa sababu yeye huvuna wa mwisho.

Nikatafuta mizinga yake kwenye mafaili yaliyorudi. Sauti ya Chura, wote, msituni. Nikashusha pumzi. Katibu akasema, "Ya mama ni ya msitu, sogeza kulia," na vijana wakainama kuzishika.

"Ziacheni," mama akasema.

Alikuwa amekaa kwenye gunia, miguu ameinyoosha, kwa sababu ya magoti yake.

"Mama, mashine inasema msituni."

"Inasema kweli ya siku ile. Mwezi uliopita niliihamisha. Magoti yalikataa kuvuka mto, nikaitundika huku karibu, nyuma ya bani. Nilitaka kuwaambia, mkawa mnapongezana."

Hakuna aliyemtazama. Hapakuwa na mafaili ya kumshitaki, wala kituo, wala jirani aliyeona. Angenyamaza tu, ndoo zake zingekwenda kulia na mwaka wake ungepona. Mimi binti yake nilikuwa nimeshikilia kompyuta, na nawaambia bila kuficha, moyo wangu ulimwomba anyamaze.

Mtani ndiye aliyemjibu, akimwita mama kwa Kisukuma. "Mayu, mpagazi gani anafungua mzigo mwenyewe?"

"Ningenyamaza ungeilamba wewe, mla michembe. Halafu ukifa nani wa kunitukana?"

Watu walicheka huku wengine wakijifuta macho. Na wale wengine wenye ndoo za mwisho wakasimama mmoja mmoja, wakasema wenyewe zimetoka wapi, na kila aliyesema aliaminiwa. Ndoo za mama zikaenda kushoto.

Tulizifukia jioni ile ile, nyuma ya ghala. Asali ina ukaidi, haimwagiki upesi kama maji; inajivuta, inang'aa, inakuomba ubadili mawazo. Mtani ndiye aliyeinua ndoo za mama, kwa sababu mama magoti hayamruhusu, akawa anazitukana moja moja hadi shimoni, na mama akawa anamjibu. Mnunuzi alipokuja alichukua za kulia zote. Zilipimwa, zikapita. Majina aliyasoma pia. Aliuliza Michembe Mfukoni maana yake nini, akaelezwa, akaomba naye apewe la kwake. Alipewa. Hilo silisemi kanisani.

Sasa nishukuru nikae. Nakishukuru kikundi, kilichonipa ndoo iwe meza badala ya kunifukuza nilipostahili. Namshukuru mtani wa mama, aliyejua kabla ya wote kwamba tulikuwa tunasifiwa kama maiti. Mshauri simshukuru. Nimemsamehe, Mchungaji, tulivyofundishwa, lakini kumshukuru kutakuwa kuweka ua la njano juu ya lisilo safi, na hilo sitalifanya tena.

Kwa ninyi vijana wenzangu nina neno moja. Kinyaa ni pua nzuri, kitakuambia wapi pameoza. Lakini hakina mikono. Ukikaa nacho ndani umefunga mlango, kuoza kunaendelea nje. Inuka nacho, urudi hadi pale ulipokuwa na hakika mara ya mwisho, na usiutupe hata uchafu kabla hujaangalia nani amebaki ndani yake. Na ukishafika huko nyuma, usidhani umemaliza. Mafaili yanarudi. Yaliyotokea baadaye yanahitaji mtu wa kuyasema, hata kama yanamgharimu.

Mama yangu yupo hapa, kwenye safu ya sauti ya tatu. Mwaka huu hakuuza hata kijiko. Msimpe pole, hapendi. Mizinga ameshairudisha ng'ambo ya mto; tumempeleka tukimshika mkono. Mwakani akiwaletea asali, nunueni bila kuonja.